Picha za ndege wakati wa theluji: zinatoka kijivu, hazina ukali, na betri inakata ghafla

Mtazamandege

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kuhusu kupiga picha ndege wa porini majira ya baridi, theluji ikiwa imetanda na halijoto ikicheza kati ya nyuzi 0 na -15. Kamera ni ya kisasa isiyo na kioo cha ndani, lenzi ni ya milimita 150–600, ile inayorefuka ukivuta, na ikiwa 600 tundu lake kubwa kabisa ni f/6.3. Yananishinda haya:

Theluji inatoka kijivu na ndege anakuwa mweusi tii hata jua likiwaka. Picha za kutoka dirishani mwa gari hazina ukali hata kwa kasi ya shata ya sekunde 1/2000 ndege akiwa ametulia. Ukizikuza unaona manyoya kama yamechorwa mara mbili. Betri inasema ina asilimia 60, mara inazima. Nikiingia ndani lenzi inaota ukungu, na safari nyingine ukungu unakaa upande wa ndani wa kioo.

Pia nieleweshwe namna ya kumsogelea ndege bila kumtimua, na kama ni sawa kuwawekea chakula. Natanguliza shukrani.

FundiMwanga

Mkuu, mimi nichukue la mwanga, mengine wapo wanaoyajua zaidi.

Kamera haijui kwamba kilicho mbele yake ni theluji. Kipima mwanga kinachukulia kwamba ukichanganya vyote vilivyo kwenye fremu utapata kijivu cha wastani. Ukiielekeza kwenye uwanja mweupe, inaona mwanga umezidi, inaupunguza, na theluji inageuka kijivu. Ndege wa kahawia aliye katikati anazama gizani. Jua likiwaka hali ni ileile, kwa sababu tatizo halitokani na uhaba wa mwanga.

Njia ya haraka ni kuongeza fidia ya mwangaza. Theluji ikichukua nusu ya fremu, anza na +1 (stopu moja, yaani mwanga mara mbili). Ikijaza karibu fremu nzima, nenda +1.7 hadi +2. Kisha angalia histogramu, ule mchoro wa mgawanyo wa giza na mwanga kwenye picha: kilima cha theluji kisogee karibu na ukingo wa kulia bila kuugonga. Washa pia onyo la sehemu zilizoungua, yaani zilizozidi mwanga hadi zikabaki nyeupe tupu. Madoa machache yakimetameta kwenye theluji ya nyuma yasikusumbue. Yakimetameta kifuani mwa ndege mweupe, manyoya yale yamepotea na hakuna programu itakayoyarudisha.

Ila fidia ina udhaifu wake, na kwa ndege wanaoruka ni udhaifu mkubwa. Ndege akitoka kwenye theluji akapita mbele ya misonobari, kamera inaona giza ghafla, inaongeza mwanga, na ile +1.7 yako inaongezeka juu yake: ndege anaungua. Mwanga ukiwa hauyumbi, pendekezo langu ni kwenda moja kwa moja kwenye M (unaweka kila kitu mwenyewe) na kufunga ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) isijibadilishe:

1. Weka kasi unayoitaka na tundu la lenzi.
2. Elekeza lenzi kwenye theluji inayopigwa na mwanga uleule unaompiga ndege, siyo iliyo kivulini.
3. Panda na ISO mpaka onyo la kuungua lianze kumetameta, kisha shuka theluthi moja au mbili ya stopu.
4. Usiguse tena mpaka wingu lifunike jua au lifunuke.

Wengi wanaweka M halafu wanaacha ISO otomatiki. Hapo kipima mwanga bado ndicho kinachoamua, kwa hiyo kijivu kitarudi palepale.

Kasi: ndege mdogo aliyetua anahitaji 1/500 hadi 1/1000, maana kichwa hakitulii. Anayeruka, 1/2000 hadi 1/3200. Theluji ikiwa inaanguka una uamuzi wa kufanya: kwa 1/1000 chembe zinaganda hewani kama nukta, kwa 1/125 zinakuwa michirizi, lakini kwa kasi hiyo ndege awe mtulivu kama bundi na kamera iwe kwenye tripodi. Na chembe hizo hazionekani mbele ya anga jeupe. Tafuta pembe inayokupa miti au mlima nyuma ya ndege.

Theluji ikianguka nzito, fokasi itakuwa inadaka chembe badala ya ndege. Tumia eneo dogo la fokasi, punguza wepesi wa kamera kuhama kutoka kitu kimoja hadi kingine, na kwenye lenzi sogeza kile kitufe kinachozuia fokasi isitafute karibu.

Jambo la mwisho ni rangi. Theluji ya kivulini inakuwa ya bluu kwa sababu inaangazwa na anga tupu, jua haliifikii. Piga RAW (faili ghafi ya kamera) urekebishe baadaye, lakini usiifute bluu yote. Picha ya asubuhi ya baridi kali ikishakuwa nyeupe kama karatasi imekufa.

KiooNaBarafu

Hayo matatu yaliyobaki, yaani gari, betri na ukungu, ni ugonjwa mmoja: vitu viwili vyenye joto tofauti vimekutana.

Tuanze na gari. Hewa ya moto inatoka dirishani na kukutana na ya nyuzi -10 mbele ya lenzi yako. Hewa ya moto na ya baridi hupindisha mwanga kwa viwango tofauti, na zikichanganyika, mwanga wa ndege unafika kwenye kamera ukiwa umepindapinda. Ni ileile hali ya lami inayotetemeka juani, tofauti ni kwamba macho yako hayaioni kwa sababu inatokea nusu mita kutoka usoni. Lenzi ya 600 inaikuza yote. Kasi ya shata haisaidii kitu hapo: 1/4000 itakupa picha iliyoganda vizuri ya mwanga uliopinda.

La kufanya: zima hita na injini, fungua madirisha ya pande zote mbili, siyo lile moja unalopigia, usubiri mpaka ndani kuwe na baridi ya nje. Hesabu dakika 20 au zaidi. Vaa kana kwamba uko nje. Usipige picha juu ya boneti ya gari lililotoka kutembea. Lenzi yenyewe ikiwa bado ina joto, hewa ya moto inajikusanya ndani ya kofia yake ya mbele, ile ya kukinga jua. Ivue kofia kwa muda mpaka lenzi ipoe.

Kama huna uhakika kosa ni la nani, fanya jaribio hili. Tegemeza lenzi vizuri, chagua nguzo au kisiki kilicho mbali kama ndege wako, piga mfululizo wa picha kumi na fokasi ikiwa imefungwa. Kingo zikihama umbo kutoka picha moja hadi nyingine, nyingine kali nyingine laini, hewa ndiyo mkosaji. Zote zikiwa laini kwa kiwango kilekile, angalia fokasi. Ukiona michirizi ya upande mmoja, mkono umetikisika.

Na hata bila gari, maji yasiyoganda yana joto kuliko hewa ya -15, na udongo mweusi au barabara inayopigwa na jua pia. Ukipiga kupitia juu yake kwa mita 80 au 100, utavuna ulaini uleule. Suluhisho ni kusogea, au kwenda siku ya mawingu. Lenzi ndefu zaidi haitibu.

Betri. Baridi hupunguza mwendo wa kemikali ndani ya betri ya lithiamu na kuongeza ukinzani wake. Kamera ikidai umeme mwingi kwa mkupuo, volti inaporomoka, kamera inadhani betri imekwisha na inazima. Chaji iko palepale. Ipashe joto, itarudi. Kwa hiyo betri za akiba zikae mfuko wa ndani karibu na mwili, na inayozima iingie mfukoni ikabadilishane na iliyopata joto. Zima Wi-Fi na GPS, zima pia ile tabia ya kuonyesha kila picha baada ya kupigwa. Kwenye kamera isiyo na kioo, skrini na kitafutio (kile kidirisha cha kuwekea jicho) ndivyo vinavyokula zaidi.

Usichaji betri iliyo chini ya nyuzi 0. Lithiamu hujibandika kama metali juu ya elektrodi, uwezo wa betri unapungua moja kwa moja, na inaweza kuleta hatari ya shoti ndani. Iache kwanza ifikie joto la chumba.

Ukungu hutokea unapoingia, siyo unapotoka: hewa ya ndani yenye unyevu inagusa kioo baridi na kuacha maji. Utaratibu ni huu, na ufanyike *nje*, kabla ya mlango kufunguliwa:

1. Toa kadi na betri, ili usishawishike kufungua baadaye.
2. Rudisha lenzi kwenye milimita 150 na usiizungushe tena.
3. Tia kamera kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, kamua hewa, funga kabisa.
4. Weka ndani ya begi, funga zipu, liache begi mbali na hita. Lenzi kubwa kama hiyo inataka saa 2 hadi 4.

Maji yatajikusanya juu ya plastiki badala ya kioo. Mfuko usifunguliwe mpaka ukiushika usisikie ubaridi.

Ile hatua ya pili inahusu ukungu wako wa ndani. Lenzi inayorefuka inavuta hewa kila unapoikuza na kuisukuma nje unapoirudisha. Ukiivuta ndani ya chumba chenye joto ikiwa bado baridi, umeinywesha unyevu. Ukungu ukishaingia, usirudi nao nje, utaganda kati ya vioo. Iache chumbani pakavu, ukipata vifuko vya silika weka pamoja nayo kwenye mfuko, na subira iwe ya siku nzima.

Usipulize theluji kwenye kioo kwa mdomo, pumzi inaganda papo hapo na kuacha ngozi ya barafu. Tumia brashi laini au kipulizio cha mpira. Na kamera isiingie chini ya koti ili "kuipasha", huko kuna jasho. Darubini nayo ining'inie juu ya koti, na unapoitazama pumua kuelekea chini.

MlinziWaMabawa

Wadau wamemaliza upande wa vifaa. Mimi niseme upande wa ndege.

Ndege mdogo wa gramu kumi na kitu anapitisha usiku wa saa 14 hadi 16 akichoma mafuta aliyoyakusanya mchana. Kufikia alfajiri anaweza kuwa amepoteza karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake, na ana saa chache za mwanga kuyarudisha. Kila unapomrusha unamlazimisha kutumia akiba hiyo na kumnyima muda wa kula. Kwa hiyo saa mbili za kwanza za asubuhi na ile ya mwisho kabla ya giza, usimfuate. Kaa mahali pamoja, yeye aje.

Ndege husema mapema kabla hajaruka. Anaacha kula. Shingo inarefuka. Manyoya yaliyokuwa yametuna yanalala yakashikana na mwili, anaonekana mwembamba ghafla. Anajigeuza kuelekea anakotaka kukimbilia, na mara nyingi anatoa kinyesi. Ukiona mawili kati ya hayo, simama. Ukiona matatu, rudi nyuma. Bundi aliyelala mchana akifungua macho yote na kujinyoosha kama kijiti, umeshamkaribia mno.

Ukisogea, usimwendee moja kwa moja. Pita kwa mshazari, ujifanye njia yako inaelekea pengine, usimkazie macho, na upumzike kila baada ya hatua chache mpaka aanze kula tena. Gari ni maficho mazuri kuliko mtu anayetembea, mradi usifungue mlango.

Mambo mawili siyakubali kabisa: kumpigia ndege sauti za kurekodiwa, na kumrushia bundi panya hai ili aje mbele ya kamera. Bundi akishazoea kwamba mtu na gari ni chakula, anaanza kuwinda kandokando ya barabara, na huko anagongwa.

Chakula ni sawa kama sheria ya mahali ulipo inaruhusu. Kuna sehemu wanazuia kwa sababu ya dubu au mlipuko wa mafua ya ndege. Weka mbegu nyeusi za alizeti, karanga zisizo na chumvi ndani ya chombo cha wavu wa waya, na shahamu ngumu ya ng'ombe. Mafuta ya kikaangoni usiweke: ni laini, yana chumvi, na yakishika manyoya yanaondoa uwezo wa kuzuia maji na baridi. Mkate unamjaza tumbo bila kumpa nguvu.

Usafi ndio unaosahaulika. Mahali pa kulia wanakusanyika wengi, na ugonjwa hupita kwenye mate na kinyesi. Angalau mara moja kwa wiki mwaga mabaki, sugua, tumia dawa ya klorini sehemu 1 kwa maji sehemu 9, suuza, kausha kabisa ndipo ujaze upya. Ukimwona ndege ametuna mchana kutwa, mzito, haruki hata ukikaribia, chakula kimemganda mdomoni, ondoa vyombo vyote kwa wiki mbili au zaidi ili wasambae. Na kama kuna dirisha la kioo, chombo kiwe ndani ya mita 1 kutoka dirishani, au kiende zaidi ya mita 10. Katikati ya hapo anapata kasi ya kutosha kujiua akigonga kioo.

Maji pia, maana kila kitu kimeganda. Bakuli la kina cha sentimita 3 hadi 5, maji ya uvuguvugu, unabadilisha asubuhi na mchana. Usitie chumvi wala dawa ya kuzuia kuganda. Ni sumu.

Sasa picha. Usimpige ndege akiwa juu ya chombo. Simika tawi zuri nusu mita kando ya chombo, kwenye usawa wa lenzi yako, pawe ndipo mahali pekee pa kutua kabla ya kula. Ndege hupenda kusubiri zamu hapo sekunde mbili tatu, na hizo ndizo zako. Weka maficho mita 5 kutoka tawini, na nyuma ya tawi pawe patupu kwa mita 5 hadi 10 ili mandhari iyeyuke. Nyuma kukiwa na theluji tupu picha inakuwa safi lakini baridi. Vichaka vikavu vya kahawia vinampendeza zaidi ndege mweupe.

Ujue pia kwamba kwa milimita 600, f/6.3, umbali wa mita 5, kina chenye ukali kwenye sensa kubwa ni kama sentimita 2.5 tu. Jicho likiwa kali, mkia wa ndege aliyekugeuzia uso hauwezi kuwa mkali. Nenda f/8 (tundu dogo zaidi), na subiri akae ubavu.

Mabawa_Mawili

Natofautiana kidogo na mkuu FundiMwanga. Kupima kwa theluji kunafaa ndege wa rangi nyeupe au ya kati. Kunguru juu ya theluji inayong'aa, ukilinda theluji yote, atabaki doa jeusi, na ukimwinua kwenye programu kwa ISO 3200 unapata chengachenga. Hapo mimi naongeza theluthi mbili hadi stopu 1 juu ya kile kipimo cha theluji na kuiacha theluji ya nyuma iungue. Cha kulinda ni manyoya ya ndege.

Na usikose faida ya theluji: inarudisha mwanga juu. Mwewe akipita juu ya uwanja mweupe siku ya jua, chini ya mabawa yake kunaangaza kila mstari, jambo usilolipata kiangazi. Piga mabawa yakiwa yamefunguka, hata kama unataka kumtambua tu. Wakati wa baridi alama za kichwani hazitegemewi: shakwe wengi wenye kofia nyeusi au ya kahawia kiangazi wanabaki na doa nyuma ya jicho, na mpangilio wa nyeusi na nyeupe kwenye ncha za mabawa ndio unaowatofautisha.

Mtazamandege

Asanteni sana, hasa dada MlinziWaMabawa kwa zile dalili. Limebaki moja. Bata na batamaji wanajazana kwenye tundu la maji katikati ya ziwa lililoganda, na kutoka ukingoni ni mbali. Inafaa kusogea juu ya barafu?

KiooNaBarafu

Hapana, mkuu. Barafu angavu na ngumu ya sentimita 10 hubeba mtu anayetembea, na ile nyeupe yenye theluji ndani inahitaji mara mbili ya hapo. Lakini hicho ni kipimo cha mahali ulipotoboa. Lile tundu liko wazi kwa sababu: kuna mkondo, kuna chemchemi, au ndege wenyewe wanayavuruga maji yasigande. Kwa sababu yoyote kati ya hizo, barafu inayolizunguka inapungua unene ndani ya hatua chache, na theluji iliyoifunika inakuficha usione.

Tafuta mahali mto unapoingia ziwani au kutoka, au upande wa chini wa ukuta wa bwawa. Maji yanayotembea huganda mwisho, na pale ukingo uko karibu. Kadiri ziwa linavyozidi kufunga, ndivyo ndege wanavyosukumwa kuja huko. Fika kabla hawajarudi, lala juu ya godoro jembamba la sponji, lenzi ikae sentimita 20 hadi 30 juu ya maji. Wakikukuta umelala hawahangaiki sana.

Chini ya -10 maji hayo yatatoa mvuke asubuhi. Jua likiwa nyuma ya ndege mvuke unawaka dhahabu, lakini fokasi inahangaika. Iwekee pale mdomo au kifua kinapokutana na maji, kuna tofauti kubwa ya rangi. Mabawa yakipigwa yanafukuza mvuke kwa sekunde chache, piga hapo.

Ukibeba tripodi, usiifungue miguu hadi mwisho kwenye theluji yenye kina kisha uikandamize. Theluji inaisukuma miguu nje na viungio vya juu vinapasuka. Ifungue nusu, zamisha mguu mmoja mmoja mpaka ugonge chini kugumu, ndipo uipanue na kufunga kamera.